Chuma, Dhahabu na Mkono wa Mhunzi

Swali tunalotaka kulijadili katika insha hii ni la zamani, nalo ni hili: chombo kikiisha kufaa kwa kazi yake, je, ni haki kukiongezea pambo? Kisu hukata bila ya nakshi kwenye mpini wake. Birika humimina maji bila ya maua ubavuni mwake. Mkono hufanya kazi, na pengine hufanya vizuri zaidi, bila ya bangili. Basi yule anayekaa siku nzima akichora majani na nyota juu ya sinia la shaba, anaongeza nini duniani? Na yule anayemlipa, je, anaitumia mali yake au anaitapanya?

Tumechagua kuliuliza swali hili tukiwa tumesimama Mahege, katika wilaya ya Kibiti, nchi ya Rufiji. Mwanafunzi anayesoma habari za sanaa ya Kiislamu aghalabu huonyeshwa picha za Cairo na Damascus, na husoma juu ya mafundi wa Mosul na Herat. Asipoangalia, hufunga kitabu akiamini kwamba uzuri ulizaliwa ng'ambo, ukapakiwa jahazini, na sisi kazi yetu ilikuwa kuupokea pwani. Mahege hapana kasri wala jumba la makumbusho. Lakini aingiaye katika nyumba ya arusi hapa atakuta sinia la kuandalia chakula, atasikia harufu ya ubani ikipanda kutoka katika chetezo, na ataona bangili mikononi mwa bibi arusi. Akipita uani ataona jembe na panga vimeegemezwa ukutani. Vitu hivi vinatutosha kuanza fikira zetu.

Majibu mawili husikika mara nyingi swali letu linapoulizwa. La kwanza ni la mzee mcha Mungu: pambo ni israfu, na afadhali fedha hiyo ingenunua unga. La pili ni la kijana: pambo la kweli ni la dhahabu, na kwa kuwa babu zetu hawakuwa na dhahabu, basi hawakuwa na sanaa ya madini ya kutajwa. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana mzizi mmoja. Yote mawili yanadhani kwamba thamani ya pambo imo katika madini yenyewe. Mzee anayachukia madini ya bei kubwa, kijana anayatamani, na wote wawili wamemsahau mtu aliyeyashika kwa koleo.

Katika karne ya 10 alifika katika bahari yetu msafiri mmoja na mwanahistoria, mzaliwa wa Baghdad, jina lake al-Masudi. Alisafiri pamoja na mabaharia wa Oman na wa Siraf. Mara yake ya mwisho kuvuka kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi hukisadiki kuwa ni Pemba, kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Katika kitabu chake maarufu, ambacho jina lake tunaweza kulifasiri kuwa Mbuga za Dhahabu, aliandika habari za nchi ya Zanj, ndiyo pwani hii ya Afrika ya Mashariki. Alieleza jinsi pembe za ndovu zilivyopelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Alitaja dhahabu ya nchi ya Sofala. Kisha akaandika jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita bila ya kulitazama: watu wa Zanj, alisema, hujipamba kwa chuma badala ya dhahabu na fedha.

Yafaa tusimame hapa. Kitabu chenye dhahabu katika jina lake ndicho kilichotuhifadhia habari za watu waliovaa chuma. Mtu atasema kwamba walikuwa maskini. Lakini shahidi huyo huyo amekwisha kutuambia kwamba dhahabu ilipatikana katika bahari hiyo hiyo, na kwamba pembe, mali iliyotafutwa na wafalme wa mbali, zilipita mikononi mwa watu hao. Hatuna budi kutafuta maelezo mengine, na maelezo hayo tutayapata tukiuliza chuma kilikuwa kitu gani kwa aliyekivaa.

Chuma hakiokotwi kikiwa tayari. Hutafutwa udongo na mawe yenye madini, hukatwa miti na kuchomwa mkaa, hujengwa tanuri, na watu hupokezana mivukuto kwa saa nyingi bila ya moto kuachiwa upoe. Mwisho wake hupatikana bonge lenye takataka, ambalo mhunzi hulirudisha motoni na kuligonga juu ya fuawe, tena na tena, mpaka takataka zitoke na chuma kishikamane. Kosa moja katika upepo au katika mkaa huharibu kazi ya siku kadhaa. Mtu aliyevaa bangili ya chuma alivaa mkononi mwake msitu, moto na jasho la watu kadhaa. Kwa jamii iliyojua gharama hiyo, bangili ya chuma haikuwa pambo la mtu aliyekosa dhahabu. Lilikuwa pambo la mtu aliyejua kazi ni nini.

Wala maarifa hayo hayakuwa mageni katika ukanda wetu. Mwanaakiolojia Mtanzania, Felix Chami, alichimbua mahali paitwapo Limbo, kusini ya Dar es Salaam, akakuta masalio ya kazi ya kuyeyusha chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Katika Mkukutu, upande wa Kibiti, alipata shanga za kioo, ambazo katika makala ya mwaka 1999 alizieleza kuwa ni ushahidi wa biashara ya zama za Warumi iliyofika delta ya Rufiji. Mwongozo mmoja wa mabaharia, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza na kuitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaitaja bandari ya Rhapta, ambayo baadhi ya wataalamu huiweka katika delta hii hii. Mwongozo huo unasema kwamba Rhapta ililetewa mikuki iliyofuliwa Muza, katika Arabuni, pamoja na mashoka, visu na vyombo vya kioo. Watu wa ukanda huu, basi, walikijua chuma cha kwao na cha kununua, wakaweza kulinganisha kazi ya mhunzi mmoja na ya mwingine. Karne nyingi baadaye, mwaka 1154, al-Idrisi aliandika katika jiografia yake kwamba chuma ndicho kilichokuwa mali kubwa ya biashara ya watu wa Malindi.

Sasa tuvuke bahari, tufuate njia aliyorudia al-Masudi, kwa sababu huko alikotoka swali la dhahabu lilikuwa limekwisha kuzungumzwa, na lilizungumzwa kama swali la maadili. Katika mapokeo ya Kiislamu yanayotegemewa, Mtume Muhammad amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Katika mapokeo hayo hayo imo habari ya mtu maskini aliyetaka kuoa, asiwe na mahari. Mtume akamwambia atafute, japo pete ya chuma. Nayo Kurani ina sura nzima inayoitwa Chuma, ambamo watu wanakumbushwa kwamba katika madini haya mna nguvu kubwa na mna manufaa kwao; na Nabii Daud anatajwa kuwa ni mtu aliyelainishiwa chuma mkononi mwake. Mwanafunzi wa Mahege anayesoma chuoni amekwisha kuyasikia haya. Labda hakupata kuyaweka kando ya bangili za watu wa Zanj. Pete ya chuma ya yule bwana arusi wa Madina na bangili ya chuma ya mtu wa pwani yetu zinaelekea upande mmoja: heshima ya mtu haipimwi kwa mizani ya sonara.

Hatutaki kudai kwamba makatazo hayo yalifuatwa na kila mtu. Wafalme na matajiri walikunywa katika dhahabu, kama wafanyavyo wafalme na matajiri wa kila dini. Lakini miongoni mwa mafundi lilitokea jambo la ajabu. Ustadi ambao katika nchi nyingine ulitumiwa juu ya dhahabu, wao waliutumia juu ya shaba. Fundi wa Herat au wa Mosul alichukua shaba, madini ya jikoni na ya hamamu, akaichimba mifereji myembamba kama unywele, akalaza ndani yake nyuzi na vipande vidogo vya fedha au vya shaba nyekundu, akavigonga polepole mpaka vikashika. Uso wa ndoo ukawa bustani. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja ya kukua kwa kazi hii, mojawapo ikiwa ni uhaba wa fedha katika karne ya 11 na ya 12. Hata hivyo matokeo yake hayabadiliki. Fedha iliyotumika ilikuwa kidogo na kazi iliyotumika ilikuwa nyingi, kwa hiyo thamani ilihama kutoka katika jiwe la mizani ikaingia katika vidole vya mtu.

Katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini St. Petersburg, Urusi, imo ndoo ndogo ya shaba iliyotengenezwa Herat, katika Afghanistan ya leo, mwezi wa Muharram mwaka 559 wa Hijra, yaani Desemba 1163. Imezungushiwa mistari ya maandishi, michezo, wapanda farasi na karamu. Lililo kubwa kwetu ni kwamba maandishi yake yanamtaja aliyeiagiza na aliyetengenezewa, na pia yanawataja mafundi wawili: Muhammad bin Abd al-Wahid aliyeipa umbo, na Masud bin Ahmad aliyeitia nakshi. Tajiri aliyepewa ndoo ile alilazimika, kila alipoitazama, kusoma majina ya watu wawili waliochafua mikono yao kwa ajili yake. Tunaona kwamba hii ni hatua kubwa katika historia ya maadili. Kazi ya mkono imepewa jina, na jina hilo limewekwa juu ya chombo kile kile lililowekwa jina la bwana.

Hapa mzee wetu atarudi na hoja yake, nayo ni hoja nzito. Atatukumbusha methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Atasema kwamba nakshi huficha. Sinia bovu hutiwa maua ili linunuliwe. Na tena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunakubali kwamba pambo huweza kusema uongo. Lakini methali ya mkakasi hailaumu uzuri. Inalaumu kutolingana kwa nje na ndani. Nakshi ya kweli ina kawaida ya kufanya kinyume cha kuficha. Fundi hawezi kuchimba mifereji myembamba katika shaba iliyo na nyufa, wala hawezi kulaza uzi wa fedha katika uso usio sawa. Pambo lake huanza kwa kuyapima madini, na huendelea kwa saa nyingi za kuyatazama. Mtu hatumii saa hizo juu ya kitu anachokidharau. Ndiyo maana vyombo vingi vya shaba vya Waislamu wa zamani vimeandikwa maneno ya kumwombea mwenye chombo baraka, afya na umri mrefu, bila ya kumtaja jina. Fundi hakumjua atakayekinunua, lakini alimwombea. Je, tuite israfu, dua aliyoombewa mgeni?

Mfano ulio karibu zaidi nasi umo Kilwa, kusini tu ya delta ya Rufiji. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu ndogo za shaba nyekundu. Upande mmoja lilichorwa jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu. Na maneno hayo yalichaguliwa hivi kwamba upande wa pili uishie kwa kina kile kile cha upande wa kwanza. Sarafu ya Kilwa, kwa hakika, ni beti ndogo yenye vina, iliyopigwa juu ya shaba. Sarafu kama hizo zimeokotwa mbali sana. Moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine chache za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Sisi tunaovutiwa na vina tuyafikirie haya vizuri. Mtu aliyekwenda sokoni kununua samaki alikuwa na utenzi wa maneno machache katika kiganja chake. Uzuri haukungoja dhahabu, wala haukungoja kasri. Ulikwenda sokoni pamoja na watu wote.

Hata hivyo insha hii ingekuwa mkakasi wenyewe kama tungeishia hapo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake, akamsifu sultani huyo huyo, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizozivaa, na sultani akamvulia. Mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa fakiri, na bei yake ilikuwa watumwa 10. Kisha sultani akamwongezea fakiri watumwa wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Msafiri alisimulia habari hii kama kielelezo cha wema. Sisi tunaisoma na tunasikia jambo jingine. Tunawasikia wale watu 10 waliohesabiwa kama sarafu ili kukomboa vazi la fahari, wala hakuna aliyeuliza majina yao.

Kadhalika siwa ya Lamu, pembe kubwa ya shaba iliyonakshiwa kwa maandishi ya Kiarabu na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo, ni kazi ambayo fundi yeyote duniani angeionea fahari. Ilipulizwa katika sherehe za mji na katika arusi za waungwana. Mtumwa hakupulizwa siwa. Sauti ile nzuri iliwaambia baadhi ya watu kwamba wao ni wenye mji, na wengine iliwaambia kwamba hawana mahali. Na milango ya Zanzibar ya karne ya 19, yenye vichwa vya shaba vinavyong'aa, ilisimama mbele ya nyumba ambazo nyingi zilijengwa kwa faida ya karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa.

Je, kwa sababu hii tuyahukumu mapambo yenyewe? Mzee wetu angefurahi, lakini hatuwezi kukubaliana naye, kwa sababu chuma kisicho na pambo hakikuwa na unyofu zaidi. Mnyororo wa mtumwa haukuwa na nakshi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kushambuliwa na Waingereza, ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake 10 mikubwa ilitolewa majini, ikaburutwa na wapagazi Waafrika kupelekwa katika vita visivyowahusu. Ule ulikuwa mzigo mkubwa wa chuma cha ustadi kupita vyote vilivyopata kuingia katika mikono ya mto huu, na haukuwa na ua hata moja la kuupamba. Kwa hiyo uchafu wa moyo hauletwi na nakshi, wala hauondolewi kwa kuikwangua. Katika chuma mna nguvu na mna manufaa, na kuchagua kati ya hivyo viwili ni jukumu la mwanadamu.

Tukiwa tumefika hapa, twaweza kutoa maoni yetu. Pambo si haki wala si israfu kwa asili yake. Tunalihukumu kwa maswali mawili. La kwanza: ni mkono wa nani uliolifanya, na je, mkono huo ulipata haki na heshima yake? La pili: ni nani anayeruhusiwa kulifurahia? Ndoo ya Herat inajibu swali la kwanza vizuri, kwa kuwa mafundi wametajwa. Sarafu ya Kilwa inajibu la pili vizuri, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa watu wote. Lakini inashindwa katika la kwanza, kwa maana tunalijua jina la sultani na hatulijui jina la aliyeichonga mihuri yake. Siwa inashindwa katika la pili. Dhahabu na chuma hazimo katika maswali haya, na hazimo kwa makusudi.

Lugha yetu yenyewe inatupa mfano wa pambo lililofaulu. Upatu, kwa maana yake ya kwanza, ni chombo cha shaba kama sinia, kinachopigwa ngomani. Kwa maana yake ya pili, upatu ni mchezo wa kuchangiana fedha, ambao kila mmoja hupata zamu yake ya kupokea. Shaba inayolia katika furaha ya watu imekuwa jina la watu kusaidiana. Siwa ilikuwa ya wachache, lakini upatu hauna mlango wa kufungia wengine nje.

Nao mkeka wa Rufiji unasimama upande huo huo. Wanawake wa nchi hii husifiwa kwa mikeka yao ya ukindu. Hutia rangi majani, wakayasuka yakawa mistari, pembe na macho, yakirudiarudia na kupishana bila ya kukosea hesabu. Mwalimu wa hisabati atakayeweka mkeka huo kando ya picha ya sinia la Cairo ataona kwamba akili iliyopanga mistari hii na akili iliyopanga ile ni ndugu. Mmoja alitumia shaba na mwingine jani lililoota bure porini. Kama thamani ingekuwa katika madini, mkeka ungekuwa takataka. Lakini hakuna mtu wa Mahege anayemkaribisha mgeni wake juu ya takataka.

Tusisahau, mwishoni, deni letu kwa mhunzi. Chuma cha viwanda vya Ulaya kilipoingia kwa wingi, na utawala wa kigeni ukashika nchi, tanuri nyingi za kuyeyushia chuma zilizimwa, na vijana wakafundishwa kwamba babu zao hawakuvumbua kitu. Katika miaka ya 1970 wazee wa Buhaya, waliofanya kazi hiyo katika ujana wao, waliwajengea watafiti tanuri upya na kuonyesha jinsi chuma kilivyoyeyushwa. Na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika juu ya ustadi mkubwa wa moto wa tanuri hizo. Ilibidi elimu hiyo ipitie katika jarida la ng'ambo ndipo wengi wetu tuiheshimu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alianzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana kwa kuwa aliiona aibu hiyo ya kuona vya wengine kuwa bora kuliko vyetu. Aibu hiyo haiponi kwa maneno ya majukwaani. Huanza kupona mwanafunzi anapokishika kitu cha kwao na kuuliza ni nani aliyekitengeneza.

Kwa hiyo tungependa kuwaomba walimu jambo moja dogo. Somo la sanaa ya Kiislamu likifika, pamoja na picha za Herat na Mosul, kila mwanafunzi aje na kitu kimoja cha nyumbani kwao kilichopambwa: chetezo, bangili ya bibi yake, kawa, kipande cha mkeka. Ayaulize maswali yale mawili, kisha aandike jina la aliyekifanya, ikiwa bado kuna mtu anayelikumbuka. Tunajua kwamba wengi hawatalipata. Basi waandike hivyo, ili wafahamu uzito wa kitu kilichopotea.

Na atakayekosa pambo lolote nyumbani kwao, na aende kwa mhunzi. Atamkuta amekaa chini, akifua panga kutokana na springi ya gari bovu. Panga likiisha kunolewa huwa tayari kukata, hakuna linalopungua. Lakini mara nyingi mhunzi hulirudia, akachukua tindo na kukata karibu na mpini mistari miwili au mitatu midogo, sambamba, ambayo haiongezi ukali wala bei. Mwanafunzi na amwulize ni ya nini. Mhunzi huenda akacheka, aseme kwamba ndivyo alivyofundishwa, au kwamba panga lisilo na mistari hiyo huliona kama halijavaa nguo. Jibu hilo litatosha. Kutoka kwa watu wa Zanj waliovaa chuma mpaka kwake yeye ni zaidi ya miaka 1,000, naye bado anakataa kuamini kwamba kitu cha maskini hakistahili uzuri.